Mfiwa Hasaini

Nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa chama kwa sababu ya ubahili wangu, na hakuna aliyejisumbua kunificha hilo. Kiwandani wananiita Senti. Mwenye duka akibakiza chenji yangu, hata iwe ndogo namna gani, nasimama pale pale kaunta mpaka aitoe, na foleni ikitaka kununa inune. Siku ya uchaguzi mtu mmoja aliuliza mimi nina sifa gani, ukumbi ukaangua kicheko. "Huyu chumvi anaihesabu punje kwa punje," akasema mwenyekiti, na mikono ikapanda. Nilifurahi, nikajitia kununa, nikakubali.

Kiwanda chetu ni cha kufua nguo. Si nguo za watu wa mtaani, ni mashuka na mataulo ya hospitali na mahoteli. Yanaingia mlango wa nyuma yakinuka, yanatoka mlango wa mbele yakinukia, yamefungwa kumi kumi. Mimi ni mkunjaji. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja: mnashika pembe, mnavuta, mnasogeleana, mmoja anapokea, mnarudi nyuma tena. Mwenzangu wa kukunja kwa miaka saba ni huyo huyo mwenyekiti wa chama, mama wa watoto watano, mpole wa sauti lakini akishaamua hasogei. Mambo mengi ya chama yameamuliwa mimi na yeye tukiwa tumeshika shuka.

Aliyeniachia kiti ni Baba Mdogo. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, na ndiye aliyenichukua kwake nilipobaki yatima nikiwa na miaka kumi na minane. Kazi yake ni boila, ile inayotoa mvuke wa kufulia na kupigia pasi, ndiyo maana kiwandani anaitwa Mzee Mvuke. Aliweka hazina ya chama miaka kumi na minne. Aliacha kwa ajili ya mtoto wa jicho, akanikabidhi daftari kubwa, vitabu vya stakabadhi na kitabu cha benki ndani ya mfuko wa sukari.

"Kila kitu kimo," akaniambia. "Soma usichoke."

Sikuchoka. Waliochoka ni wengine. Mwezi wa pili wa uongozi wangu ilikuja barua kutoka kwa msajili wa vyama: hesabu za tawi letu hazijawahi kukaguliwa, zikaguliwe na kupitishwa na mkutano mkuu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo tawi lifutwe. Na barua hiyo ilitukuta katikati ya mazungumzo ya mishahara. Meneja alipopata habari alitabasamu. "Chama kisichoweza kuonyesha pesa zake," akasema, "kinataka kuonyeshwa zangu?" Tulirudi kwenye mashine. Lililotuuma ni kwamba hakuwa amekosea.

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Spika, mwanamume wa mashine ya pasi. Ile mashine inanguruma mchana kutwa, naye kazoea kuishinda kwa sauti, kwa hiyo hata akikunong'oneza siri inafika getini. "Tunataka kujua pesa zetu!" alikuwa akisema kila mapumziko, sahani mkononi. "Mali bila daftari huisha bila habari! Miaka kumi na minne, jamani!" Nilitamani kumziba mdomo kwa taulo. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi ndiye niliyelipwa posho ya kujibu.

Mkaguzi alitoka makao makuu ya chama. Binti mdogo kuliko mimi, miwani mikubwa, adabu nyingi. Tulimpa meza kwenye stoo ya sabuni, akapiga chafya siku tatu mfululizo bila kuacha kuandika. Siku ya tatu akaniita.

"Dada, rambirambi zinatolewaje hapa?"

Nikamweleza. Mwanachama akifariki, au akifiwa na mzazi, mwenzi wake au mtoto, chama kinatoa laki mbili. Mweka hazina anakwenda msibani na wanachama wawili, anatoa bahasha, wanatoa pole, wanaondoka.

"Na hati ya malipo anasaini nani?"

"Hasaini mtu," nikasema, tena kwa fahari. "Mfiwa hasaini."

Akavua miwani. Ikabidi nimpe na historia. Mwaka chama kilipoanza, mweka hazina wa kwanza alimpelekea mjane bahasha pamoja na hati na kalamu, marehemu angali ndani. Mjane akaiweka karatasi juu ya goti. Machozi yakaanguka kwenye wino, sahihi ikavuja yote, na waliokuwapo wakaona haya mpaka wakashindwa kuaga. Mkutano uliofuata ukaazimia kwamba mfiwa asitiwe tena kalamu mkononi. Azimio lenyewe halikuandikwa popote. Sisi ndivyo tulivyo, tukiona aibu tunaona na karatasi yake ni aibu.

"Ni utu," akasema mkaguzi. "Nauheshimu. Lakini tazama." Akanigeuzia daftari. Malipo ya rambirambi thelathini na moja, milioni sita na laki mbili, na mbele ya kila moja Baba Mdogo kaandika neno moja tu: *imefika*. "Imefika kwa nani? Nimesoma mihtasari ya mikutano yote. Misiba iliyotangazwa ni ishirini na minne. Nimebaki na bahasha saba zisizo na marehemu."

Milioni moja na laki nne. Niliihesabu kichwani kabla hajaitaja.

"Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo," akasema. "Ukileta ushahidi, nitaandika ushahidi. Usipoleta, nitaandika kwamba fedha hizi hazijulikani ziliko. Sitaongeza neno, wala sitapunguza." Nilimchukia kwa dakika nzima, halafu nikamheshimu, kwa sababu ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Jumapili mchana nikaenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa ukumbini na jicho moja limefungwa bendeji, amepasuliwa wiki ile.

"Hodi. Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Harufu ya sabuni imetangulia kubisha." Akacheka. Mimi sikucheka.

"Baba Mdogo, nimekuja kwa zile saba."

Hakuuliza saba zipi. Aliipapasa bendeji yake, akasema, "Zilifika."

"Kwa nani?"

"Kwa wenye misiba."

"Hawana majina?"

"Andika nimekula mimi."

Hapo nikapandwa na hasira, na mimi hasira zangu hazina adabu. Nilimwambia nitaandika amekula vipi, kwa kijiko au kwa uma, maana nyumba yenyewe mvua ikinyesha anahamisha kitanda, viatu vyake vya kazini vina kamba ya katani, na mwizi wa milioni moja na laki nne angalau angenunua kamba ya viatu. Mtu aliyenifundisha kuomba chenji yangu bila kuona haya ndiye huyu anayetaka nimwandike mwizi mbele ya watu mia mbili!

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Nina miaka sitini na moja," akasema. "Wakiniita mwizi, nitaitwa kwa muda mfupi. Wao wangeitwa wadaiwa maisha yao yote."

"Wao akina nani?"

Akageukia ukutani.

Mama Mdogo akanisindikiza mpaka nje. Ni mwanamke asiyependa maneno mengi, akisema kitu ujue amekitafuna siku nyingi. Tulipofika penye kamba ya nguo akasimama.

"Mama yako alikuwa mwanachama?"

"Mama alikuwa kibarua," nikasema. Kweli ilikuwa hivyo. Alifanya kazi kiwanda hiki hiki, mlango wa nyuma, kulipwa kwa siku, kuchambua mashuka ya hospitali kabla hayajaingia kwenye mashine. Vibarua hawamo chamani. Homa ya mapafu ilimchukua ndani ya siku tisa, miaka kumi na moja iliyopita.

"Siku ya mazishi baba yako mdogo alikupa bahasha. Ulidhani imetoka wapi?"

"Mfukoni mwake."

"Mfuko upi? Mwezi ule tulikula kwa kukopa." Akavuta pini moja kwenye kamba, akairudisha. "Mume wangu hakula hata thumni. Wale saba ni vibarua. Wa nne ni mama yako. Hasemi kwa sababu ya ile katiba yenu."

Katiba nilikuwa naijua kwa moyo, ndiyo kazi yangu. Fedha ya chama ikilipwa kwa asiye mwanachama, itarudishwa na aliyeipokea, na akishindwa, na aliyeilipa. Na mtu anayedaiwa na chama hawezi kushika ofisi ya chama. Kumbe Baba Mdogo hakuwa anawaficha wafu. Alikuwa anatuficha sisi tulio hai, asije mtu akabisha mlango wa mjane wa kibarua na kumdai laki mbili alizomzikia mumewe. Na mimi, Senti, niliyekuwa nikidai chenji za watu mji mzima, nilikuwa na deni la laki mbili nisilolijua. Nilitembea mpaka nyumbani nikilia kwa hasira, na sikujua hasira yenyewe nimpelekee nani.

Jumatatu nikamweleza mwenyekiti, shuka likiwa kati yetu.

"Ukisema, umetoka ofisini," akasema, akivuta.

"Nisiposema, yeye anabaki mwizi."

Tukasogeleana, akapokea pembe zangu. "Na ukisema nusu?"

"Nusu gani?"

"Sijui. Nimeuliza tu." Tukarudi nyuma. Tulikunja mashuka kama arobaini. Halafu akasema, "Tuanze na wale ishirini na wanne. Hao si siri. Kazi ikiisha leo tunakwenda."

"Kuwatia kalamu mkononi?"

"Kuwatia kalamu mkononi. Lawama nitachukua mimi, wewe una zako."

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa kwenye mashine ya kukamua, mkewe alifariki miaka tisa nyuma. Njiani nilipanga maneno ya kuomba radhi, nikayapanga upya, na tulipoketi kwake yote yakanitoka. Nikamnyooshea hati tu kama mdai wa kodi ya nyumba. Akaisoma polepole. *Jina la marehemu. Kazi. Uhusiano. Kiasi. Sahihi ya aliyepokea.*

"Hapa naandika jina lake?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Tusamehe, tunajua si—"

"Yote matatu?"

"Ukipenda."

Aliandika yote matatu, kwa herufi kubwa, akisimama kila baada ya jina. Kisha akasaini. Kisha akatueleza jinsi mkewe alivyokuwa akiimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia, tukacheka naye mpaka giza likaanza kuingia. Tulipoinuka akasema, "Mlikuja na bahasha, mkaondoka kama mnafukuzwa. Miaka tisa hakuna mtu wa kiwandani aliyewahi kunitajia jina lake. Nilidhani mmemsahau."

Mwenyekiti na mimi hatukutazamana njia nzima. Heshima yetu yote ile, kumbe kwake ilikuwa kunyamaziwa.

Si wote waliotupokea hivyo. Mama mmoja alitufungia mlango, na kupitia dirishani akatupa hotuba niliyostahili. Mwingine alisaini bila kututazama. Lakini hadi Alhamisi tulikuwa na sahihi ishirini na moja. Watatu walikuwa wamehama, kwa hao tukapata ushahidi wa wanachama waliokwenda na bahasha.

Hapo ndipo akili ikanifunguka. Baba Mdogo hakuwahi kwenda msibani peke yake. Kila bahasha ilikwenda na wanachama wawili, hata zile saba. Basi kulikuwa na watu kiwandani waliokuwa wakijua na kunyamaza. Nikauliza huku, nikauliza kule, na mtu mmoja wa boila akanielekeza kwa kidevu. Nilipoona anakoelekeza nikadhani ananitania.

Nilimkuta Spika akilisha mashuka kwenye mashine ya pasi.

"Uliwahi kwenda kwa kibarua na Mzee Mvuke?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alishusha sauti. Ikabidi niende karibu. "Mara mbili," akasema. "Alituapisha."

"Na bado kila siku unapiga kelele za pesa?"

"Nilijua mbili tu! Zile nyingine nikadhani kweli amekula." Akafuta jasho. Uso wake mkubwa ulikuwa umesinyaa. "Halafu nikawaza, kama alitoa mbili kwa siri, huenda alijifunza siri kwa hizo mbili. Mtu akikuficha wema, utajuaje hakufichi na wizi?"

Nilikuwa nimekuja kumgombeza, nikajikuta natoa kalamu. Alinipa majina mawili, akanitajia mwenzake aliyekwenda na bahasha ya tatu, na huyo akanitajia mwingine. Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa nazo zote sita, na mashahidi wake. Ya saba sikuhitaji shahidi.

Mchana wa siku hiyo nikaomba ruhusa, nikaenda benki. Nilikuwa na akiba ya laki mbili na arobaini, miaka mitatu ya kujinyima, ya kununua friji ya mtumba niuze barafu na maji baridi pale mtaani. Nilikuwa nimeshaichagua, nimeshagombana na muuzaji kuhusu bei mara nne. Nikatoa laki mbili. Kalamu ilikuwa nzito pale dirishani, nisiseme uongo. Iliniuma.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye shule ya msingi, madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta wa mbao katikati. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mkaguzi aliketi mbele pembeni. Baba Mdogo alikuja na miwani myeusi, Mama Mdogo kamshika mkono, akaketi dawati la kwanza kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Hakujua ninachokwenda kusema. Nilikuwa nimemkwepa wiki nzima.

Nikasoma. Ada zilizoingia, gharama za ofisi, salio la benki. Hayo yalipita. Nikafika kwenye rambirambi, nikasoma ishirini na nne, kila moja na jina la marehemu, na wengi walikuwa hawajayasikia majina hayo tangu siku ya maziko. Kisha nikasema: "Zimebaki saba. Zililipwa kwa vibarua, wasio wanachama, kinyume cha katiba. Aliyelipa ni mweka hazina aliyepita."

"Mwanangu," akasema Baba Mdogo kutoka kwenye dawati lake. "Basi."

"Bado, Baba Mdogo." Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Ya nne ni ya mama yangu mzazi. Niliipokea mimi, sikujua ilikotoka. Nilipojua sikutaka kukaa nayo." Nikatoa fedha kwenye mkoba, nikazihesabu mbele ya mkaguzi kwa sauti, noti kwa noti, kwa sababu mimi ni mimi. Akaniandikia stakabadhi. Mtu wa nyuma akaita, "Senti umetoa pesa! Leo itanyesha!" na wakacheka, na kicheko hicho kilinisaidia kusimama. Nikasoma zilizobaki.

Dereva mmoja wa gari la mashuka akainuka. "Nampenda Mzee Mvuke," akasema, "lakini sheria ni sheria. Mimi nilifiwa na dada yangu, nikanyimwa, nikaambiwa dada hayumo kwenye orodha. Sikulalamika. Leo naambiwa wasiotoa hata ada walipewa?" Watu wakaguna, na mguno ulikuwa wa kukubali. Nilikuwa sijawahi kuufikiria msiba wa yule dereva. Uliniingia.

Baba Mdogo akasimama. Alishika dawati kwa mikono miwili.

"Ana haki," akasema. "Sikilizeni. Miaka kumi na mitatu iliyopita vibarua waliomba kuingia chamani. Tulipiga kura tukawakataa. Tulisema watatushushia mshahara. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokataa, na nilisema kwa nguvu kuliko Spika." Hakuna aliyecheka. "Miezi minne baadaye akafa mmoja wao, yule mrefu wa mlango wa nyuma. Nikaenda kwake. Hapakuwa na kitu, hata sanda watu walikuwa wanachangishana. Nikaona haya. Nikarudi nikachukua bahasha ya chama. Ningekuja kuwaomba, mngenikatalia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kukataa. Kwa hiyo niliiba ruhusa yenu. Pesa sikuiba. Ruhusa niliiba mara saba, na sasa naona hilo nalo ni deni."

Mabishano yaliyofuata yalichukua saa nzima na robo, na sitayasimulia yote, maana mengine hayakuwa na maana. Spika alitaka kila kitu kisamehewe, dereva alitaka kila kitu kirudishwe, mama mmoja wa mapokezi alitaka tupumzike kwanza tunywe maji. Mwishowe mwenyekiti alisema kwa sauti yake ile ya polepole: mzee alivunja sheria, na sheria yenyewe tuliitunga sisi, vibaya. Ikapigwa kura. Hakuna atakayebisha mlango wa mfiwa yeyote. Katika zile milioni moja na laki mbili zilizobaki, nusu atalipa Baba Mdogo kidogo kidogo kwenye mshahara, nusu tutachanga wenyewe. Hatashika ofisi ya chama miaka mitano. "Kwa macho haya nawashukuru," akasema. Na ile orodha ya ndugu wanaostahili itaandikwa upya, dada na kaka wakiwemo. Dereva akaketi, akajifuta uso.

Kura ya mwisho ilikuwa ya kuwaingiza vibarua. Mia moja na kumi na tatu walikubali, sitini na wanne wakakataa, na baadhi ya hao sitini na wanne hawajanisalimia vizuri mpaka leo. Dirishani, nje, walikuwa wamesimama vibarua kama kumi na tano waliopenyezewa habari. Hawakushangilia. Mmoja aliuliza ada ni kiasi gani, na nilipomjibu akauliza kama inaweza kulipwa kwa siku, kama wanavyolipwa wao. Nikamwambia Jumatatu aje mlango wa kukunja, nitamfungulia stakabadhi.

Watu walipoanza kutoka, mkaguzi akaniita na Baba Mdogo. Alikuwa na hati saba, sita amezijaza kwa mwandiko wake mzuri na tayari zina sahihi za mashahidi. Akanisogezea ya nne, ikiwa tupu.

"Hii imerudishwa, lakini malipo yalifanyika," akasema. "Lazima iwe na hati. Ni wewe mwenyewe uliyepokea, kwa hiyo…" Akasita. Alikuwa ameshaielewa desturi yetu. "Kama unaona ngumu, naweza kusubiri siku nyingine."

"Lete."

Niliandika jina la mama, yote matatu. Miaka mingapi alifanya kazi kiwanda kile, na jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kiwanda hata moja, maana kibarua analipwa kwa namba. Penye *kazi* nikaandika mchambuzi wa mashuka. Penye *uhusiano* nikaandika mama. Kisha nikasaini.

Baba Mdogo alitakiwa asaini mstari wa chini yake, wa aliyelipa. Alivua miwani akainama, hakuuona. Nikashika kidole chake nikakiweka mahali pake. Akasaini kwa kupapasa, sahihi ikapanda mlima. Hakuachia karatasi.

"Siku ile nilikupa bahasha nikakimbia," akasema. "Niliogopa utaniuliza imetoka wapi. Hata pole sikukupa." Akanitafuta uso kwa lile jicho moja. "Pole, mwanangu. Pole sana kwa mama yako."

Nikalia. Nililia vizuri, kwa sauti, juu ya dawati la mtoto wa darasa la pili, kilio ambacho miaka kumi na moja nilikuwa nimekibana kama ninavyobana kila kitu changu. Mwenyekiti akaja akanishika bega. Spika alisimama mlangoni, akawaambia watu wasogee, na aliwaambia kwa kunong'ona.

Mkaguzi alisubiri mpaka nimemaliza. Kisha akaipuliza ile hati ikauke, akaigonga muhuri, akaiweka pamoja na zingine.